PETROLI YENYE ETHANOLI: ATHARI ZAKE KWA INJINI NA KWA MATUMIZI YA MAFUTA

Maelezo kwa watumishi wa umma na wakazi wa Rahaleo, Mtwara, na wa mwambao wa Maingilio ya Mto Ruvuma

Katika baadhi ya nchi zinazotuzunguka, petroli inayouzwa vituoni huchanganywa na ethanoli, yaani spiriti itokanayo na mimea. Malawi ilianza kufanya hivyo mwaka 1982. Kenya ilifanya hivyo kwa takriban miaka kumi, ikaacha mwaka 1993. Uganda ilitunga sheria ya kuruhusu uchanganyaji huo mwaka 2020. Kwa hiyo gari la petroli linaloondoka Rahaleo, likapita Masasi na Songea na kuvuka hadi Malawi, huenda likarudi na mafuta ya aina nyingine katika tangi lake, pasipo dereva wala mkuu wake wa kazi kutambua.

Maelezo haya yanatolewa kwa sababu mbili. Kwanza, kila mafuta yanapobadilika, huzuka lawama. Dereva husema mafuta ni mabaya. Afisa usafirishaji husema dereva ameyauza njiani. Fundi husema injini imekwisha. Lawama ya namna hiyo inaweza kumharibia mtumishi mwaminifu jina lake, au ikampa mtumishi asiye mwaminifu mahali pa kujificha. Pili, wakazi wengi wa mwambao na wa visiwani hutegemea injini za boti, na baharini mafuta yaliyoharibika si suala la gharama peke yake bali ni suala la uhai. Katika mambo yote mawili, kinachohitajika ni kujua ukweli wa jambo lenyewe na hesabu zake.

1. Ethanoli ni kitu gani

Ethanoli ni kileo kilekile kilichomo katika pombe zote. Hupatikana kwa kuchachusha kitu chenye sukari au wanga, kisha kukipika na kupoza mvuke wake. Wakazi wa Mtwara hawana haja ya kutafutiwa mfano wa mbali. Mabibo yakikamuliwa na maji yake yakaachwa yachachuke, hutoka uraka. Na uraka ukipikwa, mvuke wake ukapozwa, hutoka nipa, ambayo kwingine huitwa gongo. Viwanda vya ethanoli hufuata njia hiyohiyo kwa kutumia molasi ya miwa, mahindi au muhogo.

Tofauti iko katika hatua ya mwisho. Kupika na kupoza mvuke wa kawaida hakuwezi kuitoa ethanoli yenye usafi unaozidi asilimia 96 hivi kwa ujazo; sehemu inayosalia ni maji, na maji hayo hayatengani nayo kwa moto peke yake. Ethanoli ya kuchanganywa na petroli hupitishwa katika hatua nyingine kiwandani ili kuyaondoa maji hayo, hata usafi wake upite asilimia 99. Kwa sababu hiyo nipa, hata iwe kali namna gani, si mafuta ya gari. Mbali na kwamba kuipika ni kosa kisheria, maji yaliyomo ndani yake hujitenga na petroli na kukaa chini ya tangi. Anayeshauriwa na mtu yeyote kuongeza pombe kali katika tangi ili kupunguza gharama asikubali ushauri huo.

Petroli ya mchanganyiko hutajwa kwa herufi E na tarakimu. E10 maana yake ni sehemu 10 za ethanoli na sehemu 90 za petroli katika kila sehemu 100. E20 ina sehemu 20 za ethanoli. Herufi hizi huandikwa kwenye pampu katika nchi nyingi, na pia ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta cha magari yaliyotengenezwa kwa ajili yake.

2. Historia ya jambo hili katika eneo letu

Bei ya mafuta ya petroli ilipanda sana duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Wazee wetu wanakumbuka marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana, iliyowekwa hapa nchini ili kuokoa mafuta. Nchi zenye miwa ziliona njia nyingine. Brazil ilianzisha mpango wake wa taifa wa ethanoli mwaka 1975, na hadi leo ndiyo nchi iliyokwenda mbali zaidi katika jambo hili, kwani petroli yake ya kawaida ilifikishwa kiwango cha asilimia 27 mwaka 2015 na asilimia 30 mwaka 2025.

Katika Afrika, Zimbabwe ilifungua kiwanda chake cha Triangle mwaka 1980. Malawi ilifuata mwaka 1982 kwa kiwanda cha Dwangwa, kilichoko kando ya ziwa hilohilo ambalo sisi huliita Nyasa, kikitumia molasi ya kiwanda cha sukari kilicho jirani. Malawi haina bandari ya bahari. Kila lita ya petroli huifikia baada ya safari ndefu ya nchi kavu kutoka Dar es Salaam, Beira au Nacala. Kwa nchi ya namna hiyo, lita ya ethanoli iliyopikwa nyumbani ina thamani zaidi ya bei yake.

Nchini Kenya, kiwanda cha Muhoroni kilianza kupika ethanoli kutokana na molasi mapema katika miaka ya 1980, na mchanganyiko wenye sehemu 10 za ethanoli ukauzwa hadi mwaka 1993. Kiwanda cha pili, kilichojengwa Kisumu, kilisimamishwa kabla ya kukamilika. Inafaa ikumbukwe kwamba mpango wa Kenya haukukwama kwa sababu ya kuharibu injini. Ulikwama kwa sababu ya bei: molasi ilipata wanunuzi wengine, na ethanoli haikuweza kushindana na petroli iliyoagizwa kutoka nje.

Hapa Tanzania, katika miaka ya 2000 kampuni ya Sweden iitwayo SEKAB ilikusudia kulima miwa ya ethanoli Bagamoyo na Rufiji, lakini mpango huo haukufika hatua ya kuzalisha. Mwaka 2010 Serikali ilitoa miongozo ya uendelezaji wa nishati ya kimiminika itokanayo na mimea. Kiwanda cha spiriti kilichofunguliwa Kilombero mwaka 2013 hutumia molasi, lakini spiriti yake ilikusudiwa vinywaji. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilipitisha sera yake ya nishati ya mimea mwaka 2009. Hivyo jambo hili liko pande zote za mipaka yetu, na tangu Daraja la Umoja la Mtambaswala lilipofunguliwa mwaka 2010, barabara ya kwenda huko imekuwa wazi.

3. Umbali kwa kila lita

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lake ni la hesabu. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi. Lita moja ya ethanoli ina megajuli 21 hivi, yaani theluthi mbili tu ya nishati ya petroli. Ethanoli ina oksijeni ndani yake yenyewe, na sehemu hiyo haiungui. Ndiyo maana lita yake ni hafifu.

Katika E10, sehemu 90 za petroli na sehemu 10 za ethanoli hutoa kwa pamoja kiasi cha megajuli 30.9 kwa lita. Hiyo ni pungufu ya asilimia 3 na nusu hivi. Katika E20, upungufu ni asilimia 7 hivi. Upungufu wa nishati huonekana katika umbali kwa kiasi kinachokaribiana na hicho.

Tuchukue mfano wa gari la ofisi linalokwenda kilomita 10 kwa lita. Safari ya Mtwara hadi Masasi na kurudi, tuihesabu kuwa kilomita 400, hutumia lita 40 za petroli tupu. Gari hilohilo, kwa dereva yuleyule na mzigo uleule, litatumia lita 41.4 za E10, au lita 43 za E20. Nyongeza ya E10 ni lita moja na nusu hivi kwa safari nzima.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni mbili za haki.

(a) Dereva aliyejaza mafuta ya mchanganyiko na ambaye daftari lake la safari linaonyesha lita 41 au 42 badala ya 40 hana kosa la kujibu. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile inayoletwa na matairi yenye upepo hafifu, barabara yenye matope, mzigo juu ya gari, au kusimama muda mrefu huku injini inanguruma.

(b) Dereva, fundi au mkuu wa idara asiseme kwamba ethanoli ndiyo iliyofanya lita 40 ziwe 50. E10 haiwezi kufanya hivyo. Tofauti ya robo nzima inatafutiwa sababu nyingine: chujio la hewa lililoziba, plagi zilizochakaa, breki zinazoshika, tangi linalovuja, au mkono wa mtu.

Kwa upande wa bei, kanuni ni nyepesi. E10 huwa na faida kwa mnunuzi ikiwa bei yake iko chini ya petroli tupu kwa zaidi ya asilimia 3 na nusu hivi. Isipofikia hapo, mnunuzi hulipa zaidi kwa kila kilomita hata kama bei ya lita ni ndogo. Nchini Brazil, ambako ethanoli tupu huuzwa kwenye pampu yake, madereva wa magari yanayokubali mafuta yote mawili huikokotoa vivi hivi: huchagua ethanoli pale tu bei yake inapokuwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli.

4. Injini inaathirika namna gani

Ethanoli ina mema yake. Okteni yake, yaani uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo bila injini kugonga, ni ya juu kuliko ya petroli ya kawaida. Kwa miaka mingi kazi hiyo ya kuzuia kugonga ilifanywa na risasi iliyotiwa ndani ya petroli, ambayo ilikuwa sumu kwa watu, hasa watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiondoa risasi kufikia mwaka 2006. Ethanoli hufanya kazi hiyo bila sumu ya risasi. Hata hivyo, injini ya kawaida isiyogonga kwa petroli iliyopo haiongezewi nguvu kwa kupewa okteni zaidi. Aidha, oksijeni iliyomo katika ethanoli husaidia mafuta kuungua vizuri zaidi, na moshi hupungukiwa na gesi ya kaboni monoksaidi, hasa katika injini za zamani.

Pamoja na mema hayo, kuna mambo manne ya kuangaliwa.

Kwanza ni uwiano wa hewa na mafuta. Petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Ethanoli huhitaji kilo 9 tu. Gari la kisasa lenye injekta na kipima oksijeni katika bomba la moshi hujirekebisha lenyewe linapopewa E10. Injini ya kabureta haina akili hiyo. Ikipewa E10 hupata mafuta pungufu kidogo kuliko inavyopaswa. Ikiwa ilikuwa imerekebishwa vyema, tofauti haionekani. Ikiwa tayari ilikuwa inanyimwa mafuta ili "kubana matumizi", kama baadhi ya mafundi wanavyofanya kwa pikipiki, huweza kupata joto kupita kiasi.

Pili ni vifaa. Ethanoli huvimbisha au kukausha baadhi ya mipira, hula gundi na koki za zamani, na huharakisha kutu katika zinki, alumini na shaba nyeupe endapo ina unyevu. Magari yaliyotengenezwa kwa kuzingatia hilo hutumia mipira na mabomba ya aina nyingine. Uingereza ilipoifanya E10 kuwa petroli ya kawaida mwezi Septemba 2021, serikali yake ilieleza kwamba magari yote mapya ya petroli tangu mwaka 2011 yanaikubali, na kwamba magari yasiyoikubali ni machache na ni ya zamani. Sisi tuna la kuzingatia zaidi. Magari mengi yanayoletwa kwetu yakiwa yametumika hutoka Japani, na Japani iliweka kikomo cha asilimia 3 ya ethanoli mwaka 2003, kisha mwaka 2012 ikaruhusu asilimia 10 kwa magari yaliyothibitishwa kwa ajili hiyo. Haimaanishi kwamba gari la zamani la Japani litaharibika kwa tangi moja la E10. Maana yake ni kwamba maandishi ya kifuniko cha tangi na kitabu cha gari yasomwe kabla ya kulizoesha mafuta hayo.

Tatu ni uchafu wa zamani. Ethanoli husafisha. Tangi lililokaa miaka mingi na petroli tupu lina utando na kutu chini yake. Matangi machache ya kwanza ya mchanganyiko huulegeza uchafu huo na kuupeleka kwenye chujio la mafuta. Gari likianza kukosa nguvu wiki chache baada ya kubadilisha mafuta, kitu cha kwanza kuangaliwa ni chujio, wala si injini.

Nne ni injini ndogo. Marekani iliporuhusu mchanganyiko wa asilimia 15, katika maamuzi ya mwaka 2010 na 2011, iliuruhusu kwa magari ya mwaka 2001 na ya baadaye tu. Pikipiki, injini za boti na mashine ndogo kama misumeno na jenereta zilikatazwa. Nchi yenye uzoefu mkubwa wa ethanoli iliona kwamba kinachofaa kwa gari hakifai kwa kila injini. Kwetu sisi, ambao barabara zetu zimejaa bodaboda na pwani yetu imejaa boti, somo hilo ni kubwa kuliko yote yanayohusu magari.

5. Adui ni maji

Petroli tupu na maji havipatani. Maji yakiingia katika tangi la petroli tupu hukaa chini, na fundi huyaondoa. Ethanoli, kwa upande wake, hupatana na maji. Petroli ya E10 huweza kuyameza maji kiasi cha nusu ya asilimia na kuyabeba hadi kwenye injini, ambako hupita pamoja na mafuta bila madhara. Hadi hapo ni faida.

Kikomo hicho kikipitwa, hali hubadilika ghafla. Ethanoli huiacha petroli na kuyafuata maji. Ndani ya tangi hupatikana tabaka mbili: juu petroli iliyopungukiwa na okteni, chini mchanganyiko wa maji na ethanoli. Injini hufyonza kutoka chini. Hapo huzimika, na haiwaki tena. Dumu la lita 25 la E10 huhitaji maji ya ziada ya mililita 125 tu, yaani nusu ya gilasi, ili lifikie hali hiyo. Na mafuta yaliyobeba maji kiasi cha kukaribia kikomo mchana wa joto huweza kujitenga usiku yanapopoa. Kulitikisa dumu hakurudishi kitu. Mafuta hayo ni ya kumwagwa mahali salama, wala si ya kuchanganywa na mengine mapya.

Maji hayo hutoka wapi? Si rahisi yatoke hewani kwa wingi kwa siku chache. Hutoka kwenye kifuniko cha tangi kisichofunga sawasawa, dumu lililooshwa na kutokukaushwa, mpira wa kifuniko uliopasuka, wimbi lililorushia boti maji, na mvua ya masika iliyoingia tangi la kituo kidogo. Vilevile tangi lililoachwa nusu kwa miezi mingi hupumua: mchana hutoa hewa, usiku huvuta hewa yenye unyevu wa bahari, na unyevu huo huganda katika kuta zake.

Kwa mvuvi wa Msimbati, Msangamkuu au Mikindani, na kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba ambako pia kuna Rahaleo, jambo hili lina hatari tatu. Injini nyingi za boti ndogo ni za mipigo miwili, ambazo oili yake ya kulainisha huchanganywa ndani ya petroli. Mafuta yakijitenga, tabaka la chini la maji na ethanoli halina oili ya kutosha, na pistoni hupata kufanya kazi kavu kabla injini haijazimika. Pili, injini hiyo huzimika baharini wala si kando ya barabara. Boti isiyo na kasia wala tanga hubaki mikononi mwa mkondo. Tatu, wavuvi wengi huziweka injini zao wakati upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, na petroli iliyobaki ndani ya kabureta kwa miezi hiyo huacha utando, na ikiwa na ethanoli yenye unyevu huacha kutu pia.

Hatari hiyohiyo iko katika jenereta ndogo za ofisi, shule na zahanati. Jenereta ya akiba hukaa kimya muda mrefu, kisha huhitajika usiku mmoja. Mafuta yaliyowekwa ndani yake mwaka uliopita si akiba, ni mzigo.

6. Namna ya kujua kama petroli ina ethanoli

Kwa macho na kwa harufu haiwezekani kujua. Kuna jaribio jepesi linalotumiwa pia na waendesha boti na marubani wa ndege ndogo. Chukua chupa nyembamba ya kioo angavu, uipime na kuitia alama kumi zilizo sawa. Tia maji hadi alama ya kwanza, kisha petroli hadi alama ya kumi. Funga, tikisa, na uache itulie kwa dakika kadhaa. Ikiwa mstari unaotenganisha maji na petroli umerudi palepale kwenye alama ya kwanza, petroli haina ethanoli. Ikiwa mstari huo umepanda juu ya alama, ethanoli imeiacha petroli na kuyafuata maji.

Jaribio lifanyike nje, mbali na moto, sigara na watoto, na mafuta yaliyojaribiwa yasirudishwe katika tangi. Aidha, jaribio hili halionyeshi kama petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Uchakachuaji wa namna hiyo ni jambo jingine kabisa, na ndilo lililosababisha Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, kuanzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Anayeshuku uchakachuaji apeleke taarifa kwa mamlaka, ahifadhi stakabadhi ya kituo, wala asijihukumie mwenyewe.

7. Mambo yanayoshauriwa

Kwa wakuu wa idara na maafisa usafirishaji: daftari la safari lionyeshe mahali mafuta yaliponunuliwa, hasa safari ikivuka mpaka. Wastani wa kilomita kwa lita uchukuliwe kwa safari zisizopungua tatu kabla ya mtumishi yeyote kuhojiwa, kwani tangi moja halitoshi kuwa ushahidi. Tofauti isiyozidi asilimia 5 isihesabiwe kuwa kosa. Tofauti inayozidi asilimia 10 ichunguzwe kwa fundi kwanza, kisha kwa maandishi.

Kwa madereva: soma kifuniko cha tangi na kitabu cha gari. Ukijaza mafuta ya mchanganyiko nje ya nchi, andika. Ukishayatumia kwa muda, badilisha chujio la mafuta mapema kuliko kawaida. Taa ya injini ikiwaka baada ya kujaza mchanganyiko wenye ethanoli nyingi, punguza mwendo, na ujaze petroli ya kawaida katika kituo kinachofuata.

Kwa waendesha bodaboda: usiibane kabureta kupita kipimo. Kagua mpira wa mafuta kila unapobadilisha oili. Mpira uliovimba au kuwa laini kama utomvu ubadilishwe mara moja.

Kwa wenye boti: tumieni petroli isiyo na ethanoli kila inapopatikana. Jazeni kiasi cha safari na cha akiba, si cha msimu mzima. Dumu likaushwe, lifungwe vizuri, na lisiwekwe chini ya boti panapokusanyika maji. Boti iwe na chujio la kutenganisha maji, nalo likaguliwe kabla ya kung'oa nanga. Injini ikiwekwa wakati wa kusi, tangi litolewe mafuta, na injini iachwe iungue hadi kabureta ikauke. Kasia na chombo cha kuelea visikosekane, mafuta yawe ya aina yoyote.

Kwa wanaotunza jenereta za umma: petroli ya akiba isikae zaidi ya miezi mitatu. Tarehe ya kununuliwa iandikwe juu ya dumu. Yakikaribia muda huo, yatumike katika gari au pikipiki inayoyakubali, na mapya yawekwe. Jenereta iwashwe walau mara moja kwa mwezi.

Ethanoli si sumu ya injini, wala si dawa ya bei ya mafuta. Ni mafuta yenye theluthi mbili ya nishati ya petroli, yanayopenda maji, na yanayofaa injini zilizoandaliwa kuyapokea. Anayejua hayo matatu ataweza kukisoma kitabu cha safari kwa haki, na ataweza kuondoka pwani akijua kwamba injini itamrudisha.